Moshi wa mabua: Hasara kwa kifua na kwa shamba

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika, moshi huonekana katika mashamba mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu. Mahindi yamekwisha kuvunwa na mkulima anataka kulima. Njia rahisi kwake ni kiberiti. Je, msomaji, umewahi kujiuliza moshi huo huishia wapi?

Sehemu yake huishia kifuani mwako. Moshi wa mabua umejaa chembechembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una upana wa karibu maikromita 70. Pua haiwezi kuzizuia, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Moshi huo pia una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huipunguzia damu uwezo wa kubeba oksijeni.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, akina mama wajawazito na wagonjwa wa pumu au wa moyo. Ukiona mtoto anapumua kwa kasi, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje kupambazuke.

Shamba nalo huumia. Tani mbili za mabua makavu huwa na takriban kilo 13 za naitrojeni, sawa na gunia moja la kilo 50 la mbolea ya CAN. Ukiyachoma, sehemu kubwa hupotea hewani, kisha unakwenda dukani kununua ulichokiteketeza. Udongo ulioachwa wazi nao husombwa na mvua ya kwanza.

Ni kweli kwamba moto huua funza wanaojificha ndani ya mabua. Lakini unaweza kuyakatakata na kuwalisha ng'ombe, au kuyarundika pamoja na samadi na majani mabichi, ukiyanyunyizia maji na kuligeuza rundo kila baada ya majuma machache. Joto la rundo lililotengenezwa vyema huwaua funza hao, nawe unapata mboji.

Jirani akichoma, funga madirisha na uwaweke watoto mbali na moshi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Afadhali uzungumze naye mapema, kabla hajawasha, kwani moshi haujui mpaka wa shamba.