Bluu ya Kigoma na bluu ya Bujumbura zilipokutana ukutani Rumonge

UKISIMAMA katika uwanja wa shule yetu saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaipanda milima, utaona madarasa matatu yaliyopakwa bluu nzito chini ya madirisha, kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini. Yote matatu yanaonekana ya bluu moja. Mgeni anapita bila kugeuza shingo. Sisi tunaofundisha hapo tunajua kwamba bluu hiyo nusura ivunje kamati ya wazazi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, maeneo ya Rumonge yaliyo karibu na ufuo yaliingiwa na maji. Shuleni kwetu hayakukaa siku nyingi, lakini yaliacha mstari wa tope ukutani na rangi ikabanduka kama ganda la muhogo. Wazazi wakachanga. Wengine walitoa franga, wengine shilingi za Tanzania zilizobaki mfukoni baada ya safari, na wawili walileta mafuta ya mawese tukayauza sokoni. Mama mmoja anayefanya biashara kupitia Mugina na Manyovu alijitolea kubeba ndoo ya lita 20 kutoka Kigoma. Fundi alipaka madarasa mawili, ndani na nje, ndoo ikaisha.

Darasa la tatu lilisubiri. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa na safari ya Bujumbura, tukampa fedha anunue makopo matatu ya lita nne. Kampuni ilikuwa nyingine, lakini alikwenda na kipande cha karatasi kilichopakwa rangi ya kwanza, akakilinganisha na kadi ya dukani. Muuzaji akamwambia ni ile ile. Naye kwa macho yake aliona ni ile ile.

Kesho yake, jua lilipopiga, darasa la tatu lilikuwa la zambarau na mengine mawili yalikuwa na ukijani kama maji ya kina kirefu.

Katika mkutano wa Jumamosi mzazi mmoja alisimama akasema rangi ya tatu imechakachuliwa. Mwingine akauliza kutoka nyuma fedha zetu zimepaka nyumba ya nani. Hayo yangepita. Lililonitisha ni neno la tatu, lililosemwa kwa sauti ya chini: kwamba waliorudi wameletewa rangi nzuri ya Tanzania, na waliobaki wamepewa maji ya Bujumbura. Ikumbukwe kwamba mama aliyeleta ndoo ni mrejeaji, na mjumbe aliyekwenda Bujumbura ni mtu ambaye ukoo wake haukuwahi kuvuka ziwa. Msomaji wa Rumonge hahitaji kuelezwa maneno ya namna hiyo yanaanzia wapi. Mapigano ya Aprili 29, 1972 yalianzia upande huu wa kusini, na mauaji yaliyofuata yaliwatawanya wazazi wetu hadi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tuliporudi kuanzia mwaka 2008 tulikuta mashamba ya michikichi yana wenyewe wapya. Tumejifunza kuishi pamoja, lakini kopo la rangi linatosha kufukua mengi.

Basi nikaomba wiki mbili. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimesoma kambini, na nilitaka kujua kama mtu ameiba au la kabla hatujatazamana vibaya.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba tulikuwa tumeagiza kitu kwa majina tofauti. Sisi tuliosomea Tanzania tunasema nevi bluu. Muuzaji wa Bujumbura anasema bleu marine au bleu nuit. Wavuvi wanasema bluu ya bahari, na kila mvuvi ana bahari yake. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni moja kuita bluu jina ambalo kampuni nyingine imeliita. Kampuni zenyewe nazo hubadilika: mwaka 2017 Kansai Plascon ilinunua biashara ya Sadolin hapa Afrika Mashariki, na jina la Plascon likaanza kuchukua nafasi ya Sadolin kwenye makopo. Ukiwa na kadi ya zamani, jina lililomo huenda halipo tena dukani.

Namba ni bora kuliko jina. Wajerumani walianza orodha yao ya RAL mwaka 1927 wakiwa na rangi 40. Leo orodha yake ya kawaida ina zaidi ya 200. Bluu ya usiku ni RAL 5022, ya yakuti ni 5003, ya kobalti ni 5013. Mwingereza naye ana orodha yake, BS 381C, ambamo namba 105 ni bluu ya Oxford. Mfanyabiashara akiandikiwa namba hupunguza ugomvi. Lakini hata namba haimalizi kazi, na hapa ndipo kisa chetu kilipo.

Bluu nzito haitoki kwenye jiwe moja. Kuna unga uitwao ultramarini, ambao zamani ulisagwa kutoka jiwe la Afghanistan na tangu miaka ya 1820 hutengenezwa kiwandani. Ndio uliomo katika bluu ya kufulia nguo nyeupe. Huo huelekea zambarau. Kuna bluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, yenye sura ya wino. Na kuna thalosianini, iliyoonekana kwa bahati katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, mwaka 1928, ikaingia sokoni mwaka 1935. Hiyo ina nguvu sana na huelekea kijani. Kampuni moja hupata bluu yake nzito kwa thalosianini na nyeusi kidogo, nyingine huchanganya ultramarini. Chini ya taa za tyubu za dukani zote mbili zinaweza kuonekana mapacha. Zikitoka juani zinaachana, kwa sababu kila unga unarudisha mwanga kwa namna yake, na mwanga wa taa si mwanga wa jua. Mjumbe wetu hakudanganya wala hakudanganywa. Aliangalia mahali pasipofaa.

Ukiongeza na mng'ao, mambo huharibika zaidi. Rangi ya mafuta inayong'aa huonekana nzito kuliko isiyong'aa, hata kama mchanganyiko ni mmoja. Ndoo ya Kigoma ilikuwa ya kung'aa sana. Makopo ya Bujumbura yalikuwa ya kung'aa nusu. Kuhusu rangi ya maji, ikiwa mbichi huonekana imepauka na hukolea ikikauka, kwa hiyo anayelinganisha na brashi mkononi anajidanganya.

Na wale wanaosema wanunue nyeupe kisha waongeze bluu kidogo kidogo, waache. Nyeupe imejaa unga wa titani, na ukiitia bluu hata chupa nzima utaishia kwenye samawati. Bluu nzito huanza na rangi ya msingi iliyotengenezwa mahususi, yenye titani kidogo sana au isiyo nayo kabisa. Ndiyo maana haifuniki vizuri mkono wa kwanza, na ndiyo maana wazazi walidhani imetiwa maji. Fundi anayejua hutanguliza mkono wa rangi ya kijivu chini yake.

Nilimwomba fundi anipakie mbao mbili, kila moja na rangi yake, mikono miwili, zikauke siku mbili. Siku ya mkutano tuliziweka kwenye meza ndani, mlango ukiwa umefungwa na taa imewashwa. Nikawauliza wazazi ipi ni ya Kigoma. Wakabishana. Kisha tukazitoa nje. Hakuna aliyebishana tena. Yule aliyesema imechakachuliwa alipitisha ukucha juu ya mbao zote mbili, akaona unene ni ule ule, akaketi. Mjumbe akasoma stakabadhi yake kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kurekebisha kulihitaji fedha ambazo hatukuwa nazo, kwa hiyo tuliamua kushughulikia upande wa nje wa darasa la tatu peke yake, unaoonekana pamoja na mengine. Fundi alibandua kipande cha lipu ukubwa wa kiganja kutoka nyuma ya ubao wa matangazo, pale ambapo jua halikufika na rangi ilikuwa haijapauka. Tukakiosha, tukakifunga kwa gazeti. Mama wa Mugina alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufunga mzigo, akakipeleka kwenye duka lenye mashine ya kusoma rangi. Alirudi na makopo mawili ya lita nne, ya kampuni ile ile ya mwanzo, mng'ao ule ule, yenye namba moja ya mchanganyo. Fundi aliyamimina yote katika ndoo moja, akakoroga, ndipo akaanza. Hakuanzia katikati ya ukuta wala hakuishia katikati. Alitoka kona hadi kona, kwa sababu jicho husamehe tofauti ndogo penye kona.

Alisubiri kwanza ukuta ukauke kabisa. Ukuta ulionyonya maji hutoa chumvi nyeupe, na juu ya bluu nzito chumvi huonekana kuliko popote. Lipu mpya nayo huachwa kama siku 28, maana ukali wa saruji mbichi huharibu rangi ya mafuta na huila bluu ya Prussia hadi ikawa kahawia.

Kwa wenzangu mnaovusha bidhaa kuna jambo ambalo mama yule alilijua kabla yetu: rangi ikishachanganywa kwa oda, duka halirudishi fedha. Zamani alipokea oda kwa neno la mdomo, na kopo moja la bluu ambayo mteja aliikataa lilimkalia ghalani msimu mzima. Sasa hapokei jina la rangi. Anataka kipande kikavu, jina la kampuni, namba, mng'ao na idadi ya lita, pamoja na moja ya ziada, kwa kuwa ya kuongezea baadaye haitatoka kwenye mchanganyo ule ule.

Ndani ya darasa la tatu tumeiacha ile ya Bujumbura. Ile mbao ya bluu ya Kigoma inaning'inia ofisini kwangu, nyuma yake nimeandika kampuni, namba, mchanganyo na tarehe. Juzi mama yule alikuja kuiazima. Kuna mtu wa Nyanza-Lac anapaka mashua yake na ameipenda.