Bulabo: Bujora Inapogawanyika Bagika na Bagalu

Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja na manju wake na wafuasi wake. Hakuna jopo la majaji wala karatasi za alama. Watazamaji ndio waamuzi, na huamua kwa miguu: anayechoshwa na upande huu huondoka akaenda ule. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda.

Hayo ndiyo mashindano ya Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma inayofanyika kila mwaka, karibu na mwezi wa Juni, huko Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza. Kwa mkazi wa Buhongwa, jijini humo, si safari ya kuogopa. Akishika lami ya Usagara–Kisesa anaukwepa msongamano wa mjini na kutokea upande wa barabara ya Musoma. Hata hivyo wapo vijana waliozaliwa na kukulia Buhongwa ambao ngoma ya Kisukuma wameiona kwenye simu tu.

Chanzo cha ushindani huo ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake, na ubishi wao ukapelekwa uwanjani: wacheze, ionekane nani anavuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Mpaka leo vikundi vya ngoma Usukumani hujitambulisha kwa mojawapo ya majina hayo, na dawa ya mvuto, samba, bado inazungumzwa kabla ya pambano.

Lakini dawa peke yake haijazi uwanja. Manju hutunga nyimbo mpya kila msimu, maana wimbo uliosikika mwaka jana hauwashiki watu. Vikundi huandaa vituko kwa siri: sanamu za mbao, mavazi ya ajabu, hata wanyama hai. Chatu ndiye maarufu kuliko wote. Mchezaji humviringisha mwilini, akaanguka naye mavumbini kama wanaopigana mieleka, huku wapiga ngoma wakikazana. Ustadi huu una mizizi kwa Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka waliojua pia dawa za sumu yake. Banunguli nao walikuwa wawindaji wa nungunungu, na uchezaji wao huiga mtu anayeingia shimoni kumfuata mnyama.

Inayopendwa zaidi pengine ni bugobogobo, na inastahili. Ilizaliwa shambani, pale kundi la vijana lilipoitwa kulima shamba la mtu na mpiga ngoma akawapa mwendo wa kulima. Uwanjani majembe hubaki yaleyale ya mkono. Mchezaji hulirusha jembe juu, likajigeuza hewani, bapa likamulika jua, kisha akaudaka mpini bila kupoteza pigo hata moja. Fundi hasa halitazami jembe linaposhuka. Anawatazama watu.

Bulabo ina pia upande wa Kanisa, na inafaa kueleza ulivyoingia. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alifika Bujora miaka ya 1950. Misa ilikuwa bado ya Kilatini, na mapadre wengi waliziona ngoma kuwa mambo ya kipagani. Yeye alikaa na wazee na manju, akaingiza sauti za Kisukuma katika nyimbo za kanisa. Mwaka 1958 likajengwa kanisa la mviringo lenye alama za Kisukuma. Bulabo ikaambatanishwa na sikukuu ya Ekaristi: kwanza maandamano ya Sakramenti, kisha ngoma zinazoweza kuendelea hadi wiki mbili. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na bila huo mengi yangepotea.

Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, ngoma za watemi zilibaki bila ikulu. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Makumbusho hayo yana pia nyumba ya mhunzi na ya mganga, na kitu kimoja ambacho mgeni asikipite haraka: pipa la kuzungusha linaloonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, kama lugha ya siri.

Ushindani kama wa Bagika na Bagalu hauko Usukumani pekee. Katika Bahari ya Mediterania kuna kisiwa cha Gozo, sehemu ya Malta, ambacho mji wake mkuu nao unaitwa Victoria, kwa jina la malkia yuleyule wa ziwa letu. Mji huo mdogo una vyama viwili vya bendi, La Stella na Leone. La Stella husherehekea Mtakatifu George mwezi Julai, Leone Bikira Maria tarehe 15 Agosti, na kila kimoja kina jumba lake la opera katika mtaa uleule. Uhasama wao wa furaha ndio uliowapa wakazi elfu chache majumba mawili ya opera. Bagika na Bagalu wangewaelewa bila mkalimani.

Hatari ya Bulabo haiko kwenye ushindani huo. Iko kwa vikundi vinavyozoea kucheza dakika kumi mbele ya wageni waheshimiwa, kwa wimbo uleule kila mara. Ngoma ya namna hiyo haina wa kuikimbia, kwa hiyo haina sababu ya kubadilika.

Tarehe za Bulabo hufuata Pasaka, hivyo huhama kila mwaka. Ni vizuri kuulizia ratiba Bujora mapema. Shule za wilaya za Nyamagana na Magu ziwapeleke wanafunzi. Na aliye na babu au bibi aliyewahi kuwa manju amwombe amfundishe nyimbo zake mwaka huu, kwani waliocheza enzi za watemi wamebaki wachache.