Kitabu cha bure kwenye intaneti: nani hulipa gharama yake?

Mji wa Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, umepokea wakimbizi wengi kutoka Congo na Burundi, na miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili. Mzazi anayetaka kumsomea mwanawe kitabu kwa lugha hiyo huenda asikipate dukani. Hukitafuta kwenye intaneti, na hutaraji kukipata bure.

Neno hilo "bure" ndilo lenye utata.

Huko Denton, yapata kilomita 60 kaskazini, Chuo Kikuu cha North Texas kinaendesha tangu mwaka 2004 hazina ya historia ya jimbo hilo: magazeti ya kale, ramani, picha na vitabu, vyote vikisomwa bila malipo. Msomaji halipi, lakini kila ukurasa umefunuliwa, umepigwa picha, umekaguliwa na kuandikiwa maelezo, kisha nakala yake huhifadhiwa katika mitambo inayohitaji umeme na mafundi mwaka baada ya mwaka. Fedha hutoka chuoni na kwa wafadhili.

Houston imepata funzo kali zaidi. Chuo Kikuu cha Rice kilifunga shirika lake la uchapishaji mwaka 1996, kikalifufua mwaka 2006 likiwa la kidijitali kabisa. Mwaka 2010 likafungwa tena. Asiyewahi kuhariri kitabu hudhani kuwa gharama ni karatasi na wino. Kumbe ni wahakiki, wahariri na muda wao. Mwaka 2012 chuo hicho hicho kilianzisha OpenStax, inayotoa vitabu vya kiada bure kwa fedha za mashirika ya hisani. Kazi ya kuandika na kuhariri hulipiwa mapema, wala haingoji mauzo.

Haki ya mwandishi

Google ilipoanza kunakili vitabu vya maktaba za vyuo vikuu mwaka 2004, haikumwomba kila mwandishi idhini. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa mjini New York iliamua kuwa haikuvunja sheria, kwani vitabu vyenye hakimiliki huonyeshwa vipande vifupi tu. Internet Archive, iliyokuwa ikiazimisha vitabu vizima, ilishtakiwa na wachapishaji wanne mwaka 2020 na kushindwa katika rufaa mwaka 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa. Nakala ya kwanza humwelekeza msomaji kwenye kitabu. Ya pili huchukua nafasi yake.

Kwa mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa jambo hili ni nyeti zaidi. Toleo lake huwa la nakala chache, na nakala moja inayosambazwa kwa simu bila idhini yaweza kumvunja moyo mchapishaji. Hata hivyo, kitabu kilichotoweka madukani miaka 30 iliyopita hakimletei mwandishi hata senti, na kumnyima msomaji kitabu hicho hakumlindi yeyote isipokuwa mchwa.

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, umepita njia ya ridhaa: hadithi zake za watoto, zikiwamo za Kiswahili, hutolewa kwa leseni inayoruhusu kunakiliwa na kutafsiriwa. Mzazi wa Fort Worth anaweza kuzichapa bila hofu. Riwaya za watu wazima hazimo humo; kwa hizo, mwenye haki hana budi kutafutwa, kuulizwa, na mara nyingi kulipwa.