Vyombo vya Jikoni Vidumuvyo

Ndugu wanachama, fedha ya karafuu huja kwa msimu. Bora inunue chombo kitakachouona msimu ujao na mwingine tena. Tangu Pemba ilipoungwa na Tanga kwa waya wa umeme wa chini ya bahari, mwaka 2010, friji na mashine za kusagia zimezidi majumbani mwetu.

Twashauri hivi: ulizeni kwanza vipuri vyapatikana wapi. Chagueni chuma kisichoshika kutu, kwani hewa yetu ina chumvi. Inueni sufuria: iliyo nyepesi mno huunguza wali. Umeme ukikatika, chomoeni friji. Ukirudi, ngojeni dakika chache. Na mpishi aulizwe kabla fedha haijatoka. Rahisi huvunja upishi.