Pikipiki ya Umeme Katika Pwani ya Kilifi: Tatizo ni Betri

Msomaji aliyepata kupanda bodaboda kutoka Malindi kwenda Garashi au Langobaya bila shaka ameona, kando ya njia, meza ya mbao iliyopangwa chupa za petroli. Biashara hiyo si halali wala si salama. Hata hivyo, ndiyo inayomwezesha mwendeshaji kwenda mbali na mji bila hofu ya kukwama, na ndiyo mshindani halisi wa kampuni changa inayotaka kuleta pikipiki ya umeme.

Zamani abiria wa Malindi walibebwa kwa baiskeli. Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mnamo 2008, baiskeli zilianza kupungua. Pikipiki za umeme nazo zimepata nafuu ya aina hiyo: Sheria ya Fedha ya 2023 iliziondolea ushuru wa bidhaa, na mwaka huohuo ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Mnamo Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki hizo.

Kwa nini basi kazi bado ni ngumu? Aghalabu betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya chombo. Kwa sababu hiyo kampuni kama Ampersand na Spiro zilichagua kumuuzia mwendeshaji pikipiki na kubaki na betri. Yeye hufika kituoni, huacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Mbinu hii humpunguzia mnunuzi gharama, lakini huiongezea kampuni mzigo: lazima iwe na betri nyingi kuliko pikipiki, na vituo viwepo kabla ya wateja.

Jijini Nairobi wateja wamesongamana. Kilifi sivyo. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, ilhali betri moja kwa kawaida haifikishi 100, tena hupungua zaidi penye mchanga na mzigo wa abiria wawili na gunia la mahindi. Fauka ya hayo, hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya, na umeme hukatika. (Langobaya pana mtambo wa umeme wa jua uliokamilika 2021, lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa, jirani wa mtambo hapati upendeleo wowote.)

Anayebeba hatari kubwa ni mwendeshaji aliyekopa. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika pikipiki ya nyingine. Kampuni ikifunga vituo, yeye hubaki na deni na chombo kisichokwenda. Roam huuza pikipiki ambayo betri yake huweza kuchajiwa nyumbani, suluhisho zuri kwa mwenye stima nyumbani.

Kwa maoni yangu, kampuni ianzie Malindi, Gede na Watamu, ambako safari ni fupi, kisha iingie bara kwa kuwafanya wenye meza za petroli kuwa mawakala wa betri. Wanawajua waendeshaji kwa majina, na wanajua nani hulipa jioni. Litakalohitaji mkataba ulio wazi ni nani atakayelipa betri ikiibwa mezani pa wakala.