Wakala wa Uhusiano na Wawekezaji: Kazi Yake na Mipaka Yake

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa inapotangaza faida, hasara au gawio, mara nyingi maneno tunayoyasoma gazetini yameandaliwa na wakala wa mahusiano ya umma na wawekezaji. Kipimo cha thamani ya wakala huyo ni kimoja: je, amehakiki anachokisema?

Kazi hii ilikomaa Marekani. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, ikaua watu zaidi ya 50. Wakati huo makampuni ya reli yalizoea kuficha ajali. Ivy Lee, mwandishi wa habari wa zamani aliyeendesha ofisi ya ushauri pamoja na George Parker, aliishauri kampuni itoe taarifa yake mapema na kuwapeleka waandishi eneo la tukio. Mwaka huohuo aliahidi hadharani kwamba habari zake zitakuwa sahihi, na mhariri yeyote atasaidiwa kuzithibitisha.

Ahadi hiyo aliivunja mwenyewe. Mwaka 1914, akiitumikia familia ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa nyingi migodini, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Colorado, alisambaza vijarida vilivyokuza mno malipo ya viongozi wa wafanyakazi. Alipohojiwa na tume ya serikali, alikiri kwamba alichapisha alichopewa na waajiri bila kukihakiki.

Baada ya anguko la soko la hisa la 1929, sheria za 1933 na 1934 ziliyalazimisha makampuni kuweka hesabu zao wazi. Mwaka 1953 kampuni ya General Electric ikaanzisha kitengo maalumu cha kuwahudumia wawekezaji, na nyingine zikafuata. Kisha likaja shauri la Texas Gulf Sulphur. Tarehe 12 Aprili 1964 kampuni hiyo ilitoa taarifa iliyopuuza uvumi kwamba imegundua madini Kanada. Siku nne baadaye ikatangaza ugunduzi mkubwa. Walioamini taarifa ya kwanza walikuwa wameuza hisa zao kwa bei ya chini, huku baadhi ya watu wa ndani wakiwa wamenunua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika shauri jingine, mahakama ya Chicago ikaamua kwamba hata wakala anaweza kuwajibishwa akisambaza taarifa za uongo bila kuzichunguza. Utetezi wa Lee ukawa haufai tena.

Leo wakala huanza na kalenda: siku ya matokeo ya nusu mwaka, ya ripoti ya mwaka, ya mkutano mkuu wa wanahisa. Huandika taarifa pamoja na mkurugenzi wa fedha na mwanasheria, huwaandaa viongozi kujibu maswali ya wachambuzi, na hufuatilia daftari la wanahisa ili kujua nani ananunua na nani anauza. Kabla ya matokeo kutoka, hunyamaza. Yakitoka, lazima yawafikie wote kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2000 kanuni za Marekani zinakataza kampuni kumnong'oneza mchambuzi mmoja jambo zito ambalo umma haujaambiwa.

Afrika Mashariki jambo hili linawagusa wengi. Hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na za Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania, wananchi wa kawaida waliingia sokoni kwa akiba zao. Wengi wao hawana mchambuzi wa kumpigia simu. Kwao, taarifa ya kampuni ndiyo dirisha pekee.

Kwa hiyo, mwanahisa, usiishie kwenye kichwa cha habari. Linganisha taarifa na hesabu zilizokaguliwa, tazama mtiririko wa fedha taslimu na madeni, kisha hudhuria mkutano mkuu na uulize. Wakala mwaminifu atakuwa ameshaiandaa kampuni kukujibu kwa takwimu. Ukijibiwa kwa sifa tupu, fikiri mara mbili kabla ya kuongeza hisa.