Furaha ya Mmisionari Kijana

Wanachama wenzangu, kaka yangu anataka kwenda ng'ambo kuhubiri Injili. Mama analia. Nami nikajiuliza, raha iko wapi huko ugenini? Basi nikasoma habari za Johannes Rebmann, Mjerumani aliyefika Rabai mwaka 1846, umri miaka 26. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kurudi kwao? Wapi! Jamaa alikaa miaka 29 akikusanya maneno ya Kirabai, ya Kiswahili, hata ya Kinyanja, aliyofundishwa na mtumwa mmoja kutoka Malawi. Kuketi na mtu, kuuliza, kukosea, kuchekwa, kuandika: nadhani furaha yake ilikuwa hapo. Aliondoka 1875, kipofu. Kamusi yake ya Kinyanja ilichapishwa 1877, yeye amekwisha kufa. Mama nimemsomea haya. Bado analia, ila kidogo.